Sura ya Sita: Damu Kwenye Mswaki

Kwenye vihamba vya Masama, jino linalouma lina njia yake inayojulikana. Siku za mwanzo ni maji ya chumvi na punje ya karafuu. Likikataa, mtoto anatumwa duka la dawa kuleta vidonge. Likikataa tena na shavu likaanza kuvimba, ndipo mwenye jino anashuka Kwasadala kutafuta gari la Bomang'ombe au Moshi, na akifika haombi kingine zaidi ya kung'olewa. Tafiti zilizofanywa nchini kwa miaka mingi zinarudia jambo hilo hilo: huduma ya meno inayotolewa kwa wingi kuliko zote katika vituo vyetu ni kung'oa, kwa kuwa watu hufika wakati hakuna tena cha kuokoa. Kwa wengi safari hiyo huishia kwa pamba mdomoni na siku mbili za kunywa mtori.

Wapo wachache ambao kwao njia hiyo ni ya hatari tangu hatua ya kwanza. Hawa ni watu waliozaliwa na mishipa ya damu yenye kasoro, au ambao mishipa yao imeshambuliwa na maradhi ukubwani. Maradhi yenyewe ni adimu. Mengine humpata mtu 1 katika kila 5,000 hivi, mengine mtu 1 katika 50,000 au hata zaidi ya hapo. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 1,860,000 katika Mkoa wa Kilimanjaro. Kama kiwango cha dunia kinashika na hapa, ugonjwa mmoja tu wa kundi hilo la kwanza una wagonjwa zaidi ya 300 mkoani, na wengi wao hawajawahi kuambiwa jina la kinachowasumbua. Wanajijua tu kuwa ni watu "wa kutoka damu".

Ninachotetea katika sura hii ni kimoja. Mgonjwa wa mishipa amwone daktari wa meno wakati ambapo hana jino linalouma. Akisubiri maumivu, ameshaingia kwenye njia ya koleo, na koleo ndilo jambo ambalo mwili wake haulimudu.

Tuanze na kitu ambacho huwachanganya hata wahudumu. Damu inayotoka jerahani husimama kwa kazi ya pande tatu: chembe sahani zinazoziba tundu, protini za kugandisha zilizomo kwenye majimaji ya damu, na ukuta wa mshipa wenyewe, ambao ukikatwa hujikaza na kujifinya. Maabara hupima pande mbili za kwanza. Upande wa tatu hauna chupa yake ya kipimo. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuletewa karatasi iliyoandikwa kwamba kila kitu ni cha kawaida, akaambiwa hana tatizo la damu, na kweli damu yake haina tatizo. Akikaa kwenye kiti cha meno anajaza bakuli. Majibu safi ya maabara hayafuti historia ya mtu. Kama mama yake alikuwa akitoka damu puani kila kiangazi na mjomba wake naye hivyo hivyo, habari hiyo ina uzito kuliko karatasi.

Ugonjwa unaoeleza familia ya namna hiyo madaktari huuita kwa herufi tatu, HHT, au kwa majina ya watu watatu: Osler, Weber na Rendu. Henri Rendu aliuandika Paris mwaka 1896, William Osler akauandika tena Baltimore mwaka 1901, na Frederick Parkes Weber wa London mwaka 1907. Huyu Weber alikuwa mtu wa aina yake. Alikusanya sarafu za kale na alikusanya maradhi adimu, akaishi miaka 99 hivi, na tutakutana naye tena kurasa chache mbele, kwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kwa kawaida HHT huanza kwa damu ya puani utotoni, nayo huku kwetu haikosi maelezo: vumbi, jua kali, mtoto kachokonoa pua. Miaka inapita. Baadaye, mara nyingi baada ya miaka 20 au 30, vinatokea vidoa vyekundu vya milimita moja hadi tatu kwenye midomo, ulimi, fizi na ncha za vidole. Ukikibonyeza kidoa kwa kipande cha kioo kinafifia, ukiachia kinarudi. Ni mishipa midogo iliyotanuka, yenye ukuta mwembamba mno. Ugonjwa unarithiwa, na kila mtoto wa mzazi mwenye HHT ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata.

Kwa mtu huyu, kutoka damu kwenye fizi ni kero kuliko hatari. Hatari yenyewe iko kwenye mapafu. Wagonjwa wengi wa HHT wana mishipa mapafuni ambapo ateri imeungana na vena bila kapilari katikati. Kapilari za mapafu hufanya kazi ambayo watu hawaifikirii: zinachuja. Bakteria wanaoingia kwenye damu kutoka kinywani hukwama pale na kuuawa. Mahali pasipo na kichujio, wanapita moja kwa moja hadi upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo njia ya ubongo ni fupi. Wagonjwa wa HHT hupata majipu ya ubongo kuliko watu wengine, na bakteria wanaokutwa ndani ya majipu hayo mara nyingi ni wakazi wa kawaida wa kinywa. Ndiyo sababu miongozo inataka mgonjwa wa HHT ambaye mapafu yake yana kasoro hiyo, au bado hayajachunguzwa, apewe kiuavijasumu kabla ya kazi yoyote ya meno itakayotoa damu. Kusafisha ugaga nako kumo. Mtu mzima kwa kawaida hupewa gramu 2 za amoksilini mara moja, nusu saa hadi saa moja kabla ya kazi. Mwenye mzio wa penisilini anatafutiwa nyingine. Utaratibu huo huo ndio unaowahusu wenye valvu za bandia za moyo.

Kuna jambo moja hapa ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Dawa hiyo inalinda saa chache za siku moja. Fizi zilizovimba zinavujisha bakteria kwenye damu kila mtu anapotafuna kipande cha mua au kiburu kilichoshikana, kila asubuhi anapopiga mswaki, mwaka mzima. Ukipiga hesabu, ulinzi mkubwa wa ubongo wa mgonjwa huyu uko kwenye kopo la miswaki kuliko kwenye pakiti ya amoksilini. Anahitaji vyote viwili. Ila kimoja kinapatikana dukani kwa bei ambayo karibu kila nyumba inaiweza.

Sasa tufike kwenye kasoro ambayo ndiyo iliyonifanya nione haja ya sura hii. Ateri inaweza kuungana moja kwa moja na vena ndani ya mfupa wa taya. Mtu wa Masama aliyewahi kukaa zamu ya kugawa maji ya mfongo ataielewa mara moja: bomoa vigawio vyote, na maji ya mfereji mkuu yataingia shamba moja kwa nguvu zote za mlima. Ndani ya taya la namna hiyo mizizi ya meno imekaa katikati ya damu yenye msukumo wa ateri. Jino ndilo kizibo. Mwenyewe, mara nyingi kijana au mtoto mkubwa, anakuja akilalamika kwamba jino moja limelegea na fizi yake inatoka damu, basi. Anaomba ling'olewe. Vitabu vya upasuaji wa taya duniani kote vina habari za watu waliokufa kwenye kiti kwa ombi dogo kama hilo, kwa dakika chache, mbele ya daktari aliyeshika jino kwenye koleo.

Dalili zake zinajificha lakini zipo. Fizi inavuja damu kuzunguka jino moja tu, ilhali nyingine zote ni nzima. Jino limelegea kwa mtu asiye na ugaga wala fizi zilizooza. Ukilibonyeza kwa kidole linadidimia kidogo kisha linapanda tena. Ngozi ya shavu juu yake ina joto kuliko upande wa pili, na ukiweka kidole kwenye fizi unahisi pigo linalokwenda sawasawa na moyo. Mgonjwa mwingine husema anasikia mvumo sikioni akilala upande huo. Mtu mwenye hata moja ya hizi hapaswi kung'olewa jino mahali popote kabla ya picha ya eksirei, na eksirei ikitia shaka, kabla ya skani. Na kama maafa yameshatokea, yaani jino limetoka na damu inaruka, kuna kitendo kimoja ambacho kila tabibu wa meno wa wilayani anapaswa kukijua bila kufungua kitabu: lirudishe jino lile lile kwenye shimo lake, weka gozi juu, mgonjwa aume kwa nguvu zote, na gari liitwe. Kizibo kimerudi. Kimewahi kuokoa watu.

Matibabu ya kweli hufanyika kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya paja hadi usoni na kuziba mshipa mbovu kwa ndani, kisha, ikihitajika, upasuaji. Kwa miaka mingi Mtanzania mwenye tatizo hili alikuwa akitafutiwa rufaa ya India. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianzisha shahada ya fani hii ya tiba kwa kutumia picha na mirija, kwa ushirikiano na madaktari wa Yale na vyuo vingine vya nje, na tangu hapo wataalamu wa nyumbani wameanza kuhitimu. Safari ya kutoka Moshi hadi Dar es Salaam bado ni ndefu kwa mtu mwenye jino lililolegea, lakini ni basi la siku moja.

Nimemwahidi msomaji kwamba Weber atarudi. Mwaka 1879 daktari William Allen Sturge wa London alieleza habari za msichana mwenye baka kubwa usoni na degedege za upande mmoja wa mwili. Mwaka 1922 Weber akaonyesha kwa picha ya eksirei mabadiliko ndani ya ubongo wa mgonjwa wa namna hiyo, na ugonjwa ukabaki na majina yao wawili. Mwaka 2013 iligundulika kwamba chanzo ni badiliko katika jeni moja linalotokea mimba ikiwa changa. Haurithiwi, na mama hakufanya kosa lolote. Nalisema kwa makusudi kwa sababu wanawake wengi wamelaumiwa na mawifi kwa baka la mtoto.

Picha za baka hili vitabuni ni za watoto wa Kizungu, na juu ya ngozi yao linaonekana jekundu kabisa. Kwenye ngozi yetu linaweza kuonekana kama weusi uliokolea zaidi, au zambarau iliyofifia ambayo taa ya chumbani haiionyeshi. Kinywani hakuna maficho hayo. Geuza mdomo wa mtoto, tazama fizi ya upande wenye baka: ni nyekundu ya damu, imetuna, na mpaka wake mara nyingi unakatika katikati ya meno ya mbele. Moshi ina bahati ya kuwa na Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Ngozi, RDTC, ndani ya eneo la Hospitali ya KCMC tangu 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mzazi mwenye mtoto mwenye baka aanzie huko, lakini aombe pia chumba cha meno, kwa maana hospitali ni ile ile.

Mtoto huyu ana mzigo wa pili. Degedege hutibiwa kwa dawa, na moja ya dawa za zamani na za bei nafuu, fenitoini, hukuza fizi. Fizi zinapanda juu ya meno hadi zinayafunika nusu. Juu ya fizi ambayo tayari imejaa mishipa, hilo ni tatizo juu ya tatizo. Ukuaji huo unategemea sana ukoga: mtoto anayesafishwa meno vizuri hukuza fizi kidogo, mwenye kinywa kichafu hukuza sana. Dawa za presha za jamii ya nifedipini na amlodipini hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya watu wazima. Usiache dawa, mwambie daktari aliyekuandikia, huenda ipo nyingine.

Uvimbe wa mishipa unaotokea kwa watoto wachanga ni habari tofauti, na ya kufurahisha. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake huko Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya kawaida ya moyo, ilikuwa imeyeyusha uvimbe huo kwa watoto waliokuwa wakipewa kwa sababu nyingine. Leo ndiyo tiba ya kwanza, chini ya usimamizi wa daktari. Uvimbe kwenye mdomo wa mtoto mchanga usichomwe, usifungwe uzi, usipakwe kitu.

Maradhi mengine nayagusa tu. Lipo kundi la Ehlers-Danlos la mishipa, ambalo ukuta wa mishipa na nyama za mwili vinachanika kwa urahisi. Fizi ni nyembamba na zinarudi nyuma mapema, na nyuzi za kushonea huikata nyama badala ya kuishika. Ugonjwa wa Takayasu, uliopewa jina la daktari wa macho wa Japani aliyeueleza mwaka 1908, unaweza kuondoa mapigo ya mkono kabisa, na presha inayopimwa kwenye mkono huo inadanganya. Wa Behçet, daktari wa Uturuki aliyeueleza mwaka 1937, huanza kwa vidonda vya kinywani visivyoisha. Kwa wote hawa daktari wa meno ana kazi, na kwa wote kazi inarudi pale pale kwenye fizi.

Basi fizi. Ukiona damu kwenye mswaki, silika inakwambia uache. Karibu kila mgonjwa wa mishipa ameacha wakati fulani. Wengine wana miaka wanasukutua maji tu. Ni silika ya busara yenye matokeo mabaya. Ukoga ukikaa siku kadhaa kwenye shingo ya jino, fizi inavimba, na kuvimba maana yake ni mishipa mingi zaidi, iliyojaa zaidi, iliyo karibu zaidi na uso wa nyama. Damu inaongezeka. Mtu anazidi kuogopa. Ukoga unashika chokaa na kuwa ugaga, ambao hautoki tena kwa mswaki. Fizi inaachana na jino, mfupa unaliwa, jino linalegea, na tumerudi kwenye koleo. Mtu mwenye fizi za kawaida akianza kupiga mswaki vizuri, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Kwa mwenye mishipa mibovu haitaisha kabisa, lakini itapungua, na ile inayobaki ndiyo inayomwambia daktari ugonjwa wenyewe uko wapi.

Mswaki uwe laini. Kwenye pakiti huandikwa. Unauweka kwa kuulaza nusu kuelekea kwenye fizi na kutikisa kidogo kidogo, mara mbili kwa siku, wa usiku ukiwa muhimu zaidi. Ukikuumiza, uloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Kijiti cha kuchokolea meno kiachwe kabisa. Mswaki wa mti una heshima yake, na ule mti wa nyika za Same na ukanda wote wa chini umethibitishwa kusafisha vizuri, ila kwa mwenye vidoa vya HHT au fizi nyembamba nyuzi zake zinakwaruza. Mkaa, majivu na mchanga ni vya kusugulia sufuria.

Hapo kwenye mkaa kuna habari ya kwetu. Watu wengi wa chini ya Kilimanjaro na Meru wana meno ya kahawia, nao husugua wakidhani ni uchafu. Sio uchafu. Ni floridi iliyoingia kwenye jino wakati linaumbwa ndani ya taya, kutoka kwenye maji ya visima vya ukanda wa volkano na, kama tafiti za mkoani zilivyoonyesha, kutoka kwenye magadi ya kupikia. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na vyanzo vingi vya kanda hii vinapita hapo. Rangi hiyo haitoki kwa kusugua. Kinachotoka ni fizi. Na kwa kuwa watu wamesikia kwamba floridi ndiyo iliyoharibu meno, wapo wanaokataa dawa ya meno yenye floridi. Kwa mtu mzima woga huo hauna msingi: meno yake yalishaumbika zamani, na dawa ya meno inatemwa. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na apunguziwe magadi kwenye maharage.

Kuna mambo mawili ambayo siwezi kuyapitia kwa upole. La kwanza ni "meno ya plastiki", imani kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga kunatokana na meno mabaya yaliyojificha kwenye fizi, ambayo hutolewa na mganga kwa msumari, kisu au stiki ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge. La pili ni kukata kimeo kwa mtoto anayekohoa. Watoto wenye mishipa ya kawaida wamekufa kwa damu na kwa maambukizi kutokana na mambo haya. Mtoto mwenye kasoro ya mishipa, ambayo katika umri huo hakuna anayeijua, anapelekwa kwa mganga huyo huyo na mzazi huyo huyo mwenye nia njema. Bibi anayeshauri hivyo hana ubaya. Anahitaji kuelezwa na mtu anayemheshimu, na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa kliniki ya watoto au mzee wa usharika, si mwandishi wa kitabu.

Duka la dawa nalo lina sehemu yake. Mwenye jino huuziwa diklofenaki au aspirini kwa maumivu, na metronidazo, ambayo wengi huiita Flagyl, kwa usaha. Diklofenaki na aspirini hupunguza nguvu ya chembe sahani, yaani zinaondoa mlinzi mmoja kwa mtu ambaye tayari hana mlinzi mwingine. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwake. Metronidazo ni ya hatari kwa anayetumia warfarini, ile wanayoiita dawa ya kuyeyusha damu: huizuia isivunjwe na ini, kiwango kinapanda kimya kimya, na baada ya siku chache mtu anaona damu kwenye mkojo. Upande wa pili, wapo wanaoacha warfarini wenyewe wiki nzima kabla ya kwenda kung'oa jino, wakidhani wanamsaidia daktari. Damu inayoganda kwenye valvu ya bandia inaua haraka kuliko shimo la jino. Kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kikifanywa ndani ya saa 24 kabla na kikawa chini ya 4, kwa kawaida jino hutolewa bila kusimamisha dawa, kwa kushona na kuziba shimo. Uamuzi huo ni wa daktari wa moyo na wa meno wakizungumza, na simu zipo.

Wengi wetu tunakwenda hospitali na daftari la shule lililokatwa nusu. Kwa mgonjwa huyu daftari hilo ni mali. Ukurasa wa kwanza uandikwe na daktari, kwa wino: jina la ugonjwa kwa Kiswahili na kwa herufi zake za kitabibu, mishipa iliyoathirika, dawa anazotumia na kiasi, mzio, kundi la damu, namba ya simu ya kliniki yake. Katika kituo cha afya mtu hana dakika 20 za kujieleza, na ugonjwa ambao tabibu hajawahi kuuona haukumbukwi kwa kusimuliwa. Huko Dar es Salaam taasisi ya Ali Kimara imekuwa ikiwasemea wenye maradhi adimu, na moja ya vilio vyao ni hiki hiki cha kuanza upya maelezo kila mlango.

Siku ya kung'oa, kama haikuepukika, iwe asubuhi, na iwe Jumatatu au Jumanne. Damu ya shimo la jino mara nyingi hurudi jioni, ganzi na dawa yake ya kubana mishipa vikiisha, na jioni ya Ijumaa ni wakati mbaya wa kutafuta mtaalamu. Mgonjwa asipande Masama siku hiyo. Alale Moshi kwa ndugu. Daktari anayejua atapendelea ganzi ya kuchoma karibu na jino kuliko ile sindano ya nyuma ya taya, ambayo ikigusa mshipa huvuja ndani kwa ndani hadi koo linabanwa. Atang'oa moja, aone, ndipo afikirie la pili.

Damu ikirudi usiku ukiwa umesharudi nyumbani, kaa wima, usilale. Usisukutue wala usiteme, kwa sababu kutema kunavuta bonge la damu litoke. Loweka kifuko cha majani ya chai, kipoe, kikunje, kiume juu ya shimo kwa dakika 20 bila kuchungulia. Tanini ya chai husaidia kukaza nyama. Rudia mara moja. Ikiendelea, nenda hospitali iliyo karibu, iwe Machame kule Nkwarungo au ya wilaya Bomang'ombe, hata kama daktari wa meno hayupo zamu. Omba asidi ya traneksamiki. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua, kwa hiyo hata hospitali isiyo na chumba cha meno usiku inaweza kuwa nayo wodi ya wazazi. Ampuli ile ile humiminwa kwenye gozi, na gozi ikaumwa.